Daktari Hugh Trowell wa Mulago na Mtoto Asiyekua

Askari aliyewekwa mpakani, awe Busia au Malaba, ni mtu wa vipimo. Hukagua shehena za malori, huhesabu magunia ya mahindi na samaki wakavu, hutazama vyeti vya wasafiri, na kila tendo huliandika kitabuni pamoja na tarehe na saa. Lakini ukimwuliza mtu huyo huyo kimo cha mwanawe wa miaka mitatu, aghalabu atanyosha mkono na kuuweka usawa wa paja lake, kisha atacheka. Hana habari. Mtoto yuko Bulumbi kwa bibi yake, na baba humwona siku za likizo tu.

Hapo ndipo mashaka huanzia. Baba arudipo nyumbani baada ya miezi minane, hukuta nguo za mwaka jana bado zamtosha mtoto. Wenzake waliozaliwa msimu mmoja naye wamempita kwa kichwa kizima. Minong'ono imekwisha kuenea kijijini. Jamaa mmoja hudai kwamba mama amembemenda mtoto, yaani amekutana na mwanamume kabla ya kumwachisha maziwa. Majirani Waluo watataja chira, ugonjwa wa kudhoofika uletwao na kuvunja mwiko. Waganda watataja obwosi, ugonjwa wa mtoto ambaye mamaye amebeba mimba nyingine. Na siku hizi yuko pia jamaa aliyesoma kidogo, naye husema kwamba mtoto amepungukiwa na homoni ya ukuaji, na kwamba dawa yake ni sindano za bei kubwa. Kila mmoja amekwisha kutoa hukumu, na hakuna hata mmoja aliyempima mtoto.

Kwa ajili ya wazazi wa namna hiyo tumeonelea leo tueleze maisha ya daktari mmoja aliyefanya kazi Kenya na Uganda kwa karibu miaka 30. Yeye naye alitoa hukumu mapema, naye akakosea, na watoto wakaendelea kufa katika wodi yake. Lakini alikuwa na ujasiri wa kuifuta hukumu yake mbele ya watu wote na kuanza upya. Ujasiri wa jinsi hiyo ni haba kuliko ule wa vitani.

Hubert Carey Trowell, ambaye wenzake walimwita Hugh, alizaliwa London mwaka 1904. Alijifunza udaktari katika hospitali ya St Thomas's mjini humo, na mwaka 1929 akaja Kenya katika utumishi wa tiba wa serikali ya kikoloni. Alifuatana na mkewe Margaret, aliyekuwa mchoraji. Mama huyo hakukaa bure. Walipokwisha kuhamia Uganda, mwaka 1937 alianza kufundisha uchoraji barazani kwa nyumba yao, na darasa lile la baraza likawa chanzo cha chuo cha sanaa cha Makerere, ambacho hata leo kina jina lake.

Huko Kenya, kabla ya kuhamia hospitali ya Mulago mjini Kampala mwaka 1935, Trowell alianza kukutana na watoto waliomshangaza. Walikuwa na umri wa mwaka mmoja hadi minne. Kimo na uzito wao vilikuwa nyuma sana ya umri wao. Nywele zilikuwa zimepauka, nyingine nyekundu. Miguu na uso vilikuwa vimevimba, na ngozi ilibambuka kama rangi ya ukuta wa zamani. Zaidi ya yote walikuwa wanyonge wa moyo: hawakucheza, hawakutaka kula, hawakutaka kushikwa. Wengi wao walifariki.

Madaktari wa siku zile hawakukosa majibu. Wengine walisema ni safura na minyoo, wengine wakasema ni kaswende ya kurithi, na wengine wakaona ndiyo asili ya watoto wa Kiafrika, hivyo hakuna haja ya kutafuta sababu. Trowell hakuridhika na neno hilo la asili. Aliamini kwamba ni ugonjwa, na kwamba asili yake ni chakula. Katika hilo alisema kweli. Lakini alipotaka kuutaja ugonjwa wenyewe, alikosea. Mwaka 1937 aliandika katika jarida la Uingereza la magonjwa ya watoto kwamba hiyo ni pelagra, maradhi ya ngozi yaliyokwisha kujulikana katika nchi nyingine miongoni mwa watu waliokula mahindi matupu.

Wakati huo huo, upande wa pili wa Afrika, daktari mwanamke alikuwa na jibu lingine. Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, alifanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Mwaka 1933 aliandika habari za watoto wa namna ile ile, na mwaka 1935 akatumia jina walilolitumia akina mama wenyewe katika lugha ya Kiga, ambalo sisi Waswahili twalitamka kwashakoo, na wengine husema unyafuzi. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyepokonywa nafasi yake na mdogo wake. Williams alisema kwamba hii si pelagra. Ni ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa maziwa ya mama na kupewa uji wa mahindi mtupu, usio na vyakula vya kujenga mwili. Mabingwa wa London walimpinga kwa maneno makali. Trowell naye, kwa miaka kadhaa, alisimama upande wa waliompinga.

Basi matendo yakaja kuamua. Mwaka 1937 iligunduliwa vitamini iponyayo pelagra. Ilipofika Afrika Mashariki, ilitazamiwa kwamba watoto wa Mulago wangepona. Walipewa, na hawakupona. Daktari mwingine angeweza kusema kwamba dawa ilichelewa, au kwamba wazazi waliwaleta watoto wakiwa wamekwisha kuharibika. Trowell hakujificha nyuma ya visingizio hivyo. Alirudi kwa wagonjwa wake na kuanza tena kutazama, kupima na kuandika.

Katika kazi hiyo hakuwa peke yake. Eria Muwazi, daktari Mganda, alishirikiana naye, na mwaka 1945 wawili hao walichapisha makala iliyouita ugonjwa huo utapiamlo wa kuua, wakaacha kabisa jina la pelagra. Mwenzao Jack Davies, bingwa wa kuchunguza maiti, aligundua jambo la ajabu na kulitangaza mwaka 1948. Kongosho la watoto hao lilikuwa limenyauka. Kongosho ni kiungo kitengenezacho maji ya kusagia chakula tumboni, nalo haliwezi kuyatengeneza ikiwa mwili hauna protini. Kwa hiyo mtoto aliyekosa chakula cha kujenga mwili alipoteza hata uwezo wa kukisaga chakula hicho. Alikuwa akishinda njaa mara mbili. Ndiyo sababu mlo mzito wa ghafla ulimdhuru, na maziwa machache machache, mara nyingi kwa siku, yakamwokoa.

Mwaka 1950 wajumbe wawili wa mashirika ya kimataifa ya afya na chakula walizunguka Afrika, nao katika taarifa yao ya mwaka 1952 wakathibitisha kwamba ugonjwa huu umeenea katika nchi nyingi za bara hili. Mulago ikawa mojawapo ya shule za dunia katika jambo hilo. Daktari Rex Dean aliletwa kuongoza uchunguzi, akatumia maziwa ya unga yasiyo na siagi, na kutafuta vyakula vya nchi, kama njugu, vinavyoweza kushika nafasi ya maziwa. Mwaka 1954 Trowell, Davies na Dean walitoa kitabu kimoja kikubwa juu ya maradhi hayo. Jina walilokipa lilikuwa Kwashiorkor. Trowell alilichukua jina la yule mama aliyempinga zamani, akaliweka juu ya jalada la kitabu chake mwenyewe. Alikiri kosa lake mahali ambapo kila daktari angeliona.

Si haki kusimulia mambo haya kana kwamba yote yalikuwa mema. Wachunguzi walichukua damu ya watoto mara kwa mara, na wazazi hawakuelezwa vya kutosha sababu yake. Uvumi wa unyonyaji damu ukaenea Buganda, na baadhi ya wazazi wakaikwepa hospitali hata pale ambapo ingewafaa. Tena mtoto alipona Mulago kwa maziwa ya unga, akarudi nyumbani ambako hakuna maziwa, na baada ya miezi michache akaletwa tena amevimba. Hapo ikaeleweka kwamba kumponya mtoto bila kumfundisha mlezi ni kujaza maji katika mtungi uliotoboka. Mwaka 1965, Trowell akiwa amekwisha kuondoka, palifunguliwa hapo Mulago kituo cha Mwanamugimu, jina la Kiganda limhusulo mtoto mwenye afya. Humo mama na bibi walikaa pamoja na mtoto, wakapika wenyewe vyakula vya shamba lao, ndizi au viazi pamoja na maharagwe, njugu au samaki, wakaona kwa macho yao jinsi mtoto anavyochangamka.

Trowell alirudi Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1950, akapewa daraja la kasisi, akahudumia parokia ya Stratford-sub-Castle karibu na mji wa Salisbury. Katika uzee wake alirudia utabibu kwa namna nyingine. Pamoja na rafiki yake wa Mulago, Denis Burkitt, alichunguza kwa nini maradhi ya matajiri, kama vile kisukari na moyo, yalikuwa machache sana Uganda ya zamani, na wakaelekeza kidole kwenye unga uliokobolewa mno na sukari nyingi. Kitabu chao cha mwaka 1975 kilisomwa na wengi. Margaret alifariki mwaka 1985, naye Hugh akamfuata mwaka 1989.

Sasa na tumrudie yule mtoto wa Bulumbi na ile hukumu ya homoni, maana hapo kazi ya watu wa Mulago ina mafundisho makubwa.

Homoni ya ukuaji hutoka katika tezi ndogo kama punje ya kunde, iliyo chini ya ubongo. Tezi hiyo ni kama makao makuu: hutoa amri ya kukua. Amri hupokewa hasa na ini, nalo hupeleka ujumbe wake mpaka kwenye mifupa. Katika miaka ya 1960 wachunguzi wa Cape Town waliipima homoni hiyo katika damu ya watoto wenye kwashakoo. Mtu angedhani wangekuta imepungua. Walikuta imezidi. Makao makuu yalikuwa yakitoa amri juu ya amri, lakini ghala lilikuwa tupu, na kikosi hakiwezi kusonga bila chakula. Watoto walipolishwa vizuri, homoni ilishuka na ukuaji ukaanza. Ni wazi basi kwamba kumpiga mtoto mwenye njaa sindano ya homoni ni kumwongezea kelele za amri.

Wala tusisahau hesabu. Uchunguzi wa taifa wa Uganda wa mwaka 2016 ulikuta kwamba watoto 29 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wana kimo kilicho nyuma ya umri wao. Lakini wapungukao na homoni ya ukuaji hukadiriwa kuwa mmoja tu katika kila watoto 4,000 hadi 10,000. Kwa hiyo mtoto wetu asipokua, yatupasa tutazame kwanza sahani, kisha maradhi: minyoo, malaria ya mara kwa mara, kuhara kusikokoma, kifua kikuu, ukimwi, moyo, figo, na selimundu. Watafiti wa leo wanaongeza kwamba hata kwashakoo haielezwi na upungufu wa protini peke yake. Maradhi ya tumbo na uchafu wa maji navyo vina sehemu yake. Hivyo hata jibu la pili la Trowell halikuwa la mwisho, naye kwa tabia yake nadhifu ya kukubali ushahidi, twaamini asingechukia kusikia hayo.

Hata hivyo, mmoja katika elfu kadhaa si sawa na hakuna. Yupo mtoto anayekula vizuri, haugui, wala hakukonda, na bado hakui. Mwenye upungufu wa homoni ya ukuaji huzaliwa kwa kimo cha kawaida mara nyingi, kisha huanza kubaki nyuma baada ya mwaka mmoja au miwili. Mwili wake huwa na uwiano mzuri, mashavu yamejaa, na uso wake huonekana mchanga kuliko umri wake. Mwingine amepungukiwa na homoni ya tezi ya shingo: ngozi yake ni kavu, hufunga choo, huchelewa kutembea na kusema. Huyu wa pili hutibiwa kwa vidonge, na kila siku ya kuchelewa katika utoto mchanga huidhuru akili yake.

Tiba ya homoni ya ukuaji ilianza mwaka 1958 huko Marekani, kwa homoni iliyotolewa katika tezi za maiti. Mwaka 1985 homoni hiyo ilisimamishwa katika nchi nyingi, kwa kuwa baadhi ya waliotibiwa walipata ugonjwa wa ubongo usiopona. Tangu hapo imetumika ile inayotengenezwa kiwandani. Kwa kawaida hudungwa kila siku kwa miaka mingi, na bei yake ni kubwa. Kwa sababu hiyo daktari hawezi kuitoa kwa kubahatisha. Atataka vipimo vya damu, picha ya eksirei ya mkono wa kushoto ili kujua umri wa mifupa, na kimo cha baba na mama. Mjini Nairobi, tangu mwaka 2008, wamefundishwa madaktari wa watoto kutoka nchi mbalimbali za Afrika kuwa mabingwa wa tezi, kwa hiyo elimu hiyo haiko tena ng'ambo peke yake.

Lakini jambo la kwanza atakaloliuliza bingwa yeyote ni hili: mtoto ameongezeka sentimita ngapi kwa mwaka? Swali hilo hawezi kulijibu mtu ambaye hakuandika. Na hapa, ndugu zetu mliozoea kitabu cha matukio, hamna udhuru. Mtoto aliyekwisha kutimiza miaka 2 asimame bila viatu, visigino, makalio na mgongo vikigusa ukuta, macho yakitazama mbele. Wekeni ubao ulionyooka juu ya kichwa, pigeni mstari ukutani, mpime kwa utepe, na muandike tarehe. Aliye chini ya miaka 2 hupimwa akiwa amelala, na kliniki itafanya hivyo vizuri zaidi. Rudieni kila baada ya miezi 6. Mwaka wa kwanza mtoto huongezeka kadiri ya sentimita 25, wa pili kadiri ya 12, na baada ya miaka 4, kati ya 5 na 7 kila mwaka. Akiongezeka chini ya 5 baada ya umri huo, apelekwe hospitali pamoja na kadi yake. Na mtoto yeyote mwenye miguu iliyovimba, ukiibonyeza kwa kidole gumba pakabaki shimo, asingoje likizo ya baba wala mshahara wa mwisho wa mwezi. Apelekwe siku hiyo hiyo.

Shamba la Bulumbi lina muhogo na wimbi, na soko la Busia halikosi maharagwe, njugu, na samaki wadogo wa ziwani ambao Uganda huitwa mukene na Kenya omena. Muhogo mtupu hushibisha tumbo na kuuacha mwili na njaa. Konzi ya mukene iliyopondwa ndani ya uji wa mtoto ni kinga bora. Baba atumaye fedha nyumbani na ataje jambo hilo katika barua au simu yake, kama atajavyo karo na mbolea.

Liko jambo moja la mwisho, nalo halihitaji daktari. Mtoto mfupi husikia. Akiitwa kibeti kila siku, akibebwa kama mchanga ilhali ana miaka 6, akinyimwa shule kwa kuwa eti hajakua, huumia mahali ambapo utepe haufiki. Apewe kazi, adabu na heshima za umri wake. Na mamaye asishitakiwe bila ushahidi. Askari hujua jinsi lilivyo zito kosa la kumfunga asiye na hatia.

Trowell alikuwa mtu aliyekosea kwa miaka, kisha watoto wenyewe wakamsahihisha, naye akakubali kusahihishwa. Ni matumaini yetu kwamba msomaji atakayekwenda likizo safari hii atabeba utepe wa kupimia pamoja na sukari na sabuni, na kwamba kabla ya kumwuliza mkewe swali lolote, atamsimamisha mtoto ukutani na kupiga mstari wa kwanza.